Kalamu ya Wino na Mkono wa Kabula

Nyarugusu,
Jumapili mchana.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mayu. Nisamehe kwa kukaa kimya tangu wakati wa kupalilia pamba mpaka sasa mmeshavuna. Najua kila anayetoka huku umekuwa ukimwuliza kama bado nipo hai. Nipo, na wajukuu zako wapo. Masanja ameota meno na ananiuma nikimnyonyesha. Kabula amerefuka, magoti yote yako nje ya gauni. Baba Kabula anateremka shimoni kila siku na anapanda salama, tunashukuru. Wewe je, mguu umepoa? Na yule ndama aliyekuwa hainuki?

Kilichonichelewesha ni barua yako. Nilipoona umeiandika wewe, kwa mkono wako, na si balozi wa nyumba kumi kama siku zote, nilikaa mlangoni nikaisoma mpaka uji ukaungua. Sikujua kisomo cha watu wazima kimekufikisha huko. Lakini humo ndani ukaandika: "Barua yako imenishinda. Herufi zako zinalaliana kama mbuzi walionyeshewa mvua. Nikampelekea balozi, akaisoma kwa sauti mpaka mambo ya tumbo lako, na watu walikuwepo." Niliona aibu, mama. Nikasema siandiki tena mpaka niwe na mwandiko utakaousoma mwenyewe, umekaa peke yako jikoni. Kumbe si kazi ndogo. Hata sasa sielewi vizuri yaliyotokea. Nakueleza yote, labda wewe utaelewa.

Jirani yangu ni Bi Mwajuma, mtu mzima wa Tabora, anauza vitumbua na khanga kwa wachimbaji. Nilipomweleza shida yangu aliingia ndani akatoka na kalamu ya wino, ile ya kujaza, nyeusi, yenye ncha ya njano. Ilikuwa ya marehemu kaka yake aliyekuwa karani.

"Zinakuharibia hizo kalamu zenu za plastiki," alisema. "Hii inaandika vizuri yenyewe, wewe kazi yako kuishika. Chukua. Ila barua zangu za kwetu utakuwa unaniandikia wewe."

Nikamwamini. Nikaijaza, vidole vikawa vya bluu, nikaanza "Mama yangu mpendwa". Nilipofika kwenye "mpendwa" karatasi ikachanika. Nikachukua nyingine, likadondoka tone likafunika jina lako lote. Baba Kabula siku hiyo hakwenda kazini, duara lao, yaani shimo wanalochimba, lilikuwa limejaa maji. Alikuwa amejilaza mkekani akanitazama weee, kisha akasema:

"Mama Kabula, unaandika au unachimba? Humo kwenye karatasi hamna dhahabu."

"Kalamu mbovu."

"Kalamu nzima. Mkono wako ndio unagonga kama uko kwenye mwamba."

Alinichekesha na kuniudhi pamoja. Lakini alisema kweli. Kalamu ya plastiki unaweza kuikandamiza unavyotaka, ya wino haikubali. Inataka iguse tu, karatasi iunywe wino yenyewe. Bi Mwajuma alinishika vidole akanionyesha. "Usiisukume, mwanangu. Ipitishe kama unamfuta mtoto machozi." Kumfuta mtoto machozi naweza. Nikishika kalamu mkono unakuwa kama ubao. Nikadhani ni mawe, maana huku sisi wanawake tunaponda mawe ya dhahabu kwenye kinu cha chuma kutwa nzima, na mkono wa kulia ndio unaoinua mchi. Nikaacha kuponda kwa muda, nikala lawama za nyumbani kwa kuacha, na mwandiko ukabaki vilevile. Nikazidi kushangaa.

Siku moja nimetoka kisimani na ndoo kichwani, Masanja mgongoni, nikamkuta Kabula amelala kifudifudi, kalamu mkononi. Mkono wa kushoto. Karatasi ameilaza upande kabisa, kama mkeka uliosukumwa na mguu. Ameandika jina lake, lile nililomfundisha kwa mkaa. Hapakuwa na tone wala mchaniko. Niliinua mkono nimpige kwa kuchezea kalamu ya watu. Sikumpiga.

"Nani kakufundisha kulaza karatasi hivyo?"

"Hakuna. Nisipoilaza, mkono unafuta nilichoandika."

Alisema kama mtu anayejibu swali la kijinga.

Sasa mama, hapa nataka utazame vizuri. Maneno yote ya juu nimeyaandika kwa mkono wa kulia, polepole, nimeharibu karatasi nyingi, na bado unaona yanavyoyumba. Kuanzia aya hii ninaandika kwa mkono wa kushoto, karatasi nimeilaza kama alivyoilaza Kabula. Unaona? Herufi ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, lakini kila moja imesimama mahali pake. Nimejifunza mchana watoto wakilala, mlango nimeufunga kama mwizi. Na mkono huu hauchoki wala haukandamizi.

Ndipo ninapochanganyikiwa. Mkono huu haukushika kalamu darasani hata siku moja. Umejulia wapi? Nakumbuka ulivyokuwa ukiufunga kiunoni kwa kipande cha kaniki, nile kwa wa kulia, niandike kwa wa kulia. Ulisema hakuna atakayepokea chakula kutoka mkono huo, na wakwe watanirudisha. Jioni ulikuwa unanifungua na kunipaka samli pale palipokatwa na kamba. Sikulaumu, mama. Sikurudishwa, na wakwe zangu wanapokea ugali wangu. Nasalimia kwa kulia na nitasalimia hivyo mpaka nife. Lakini kuna siku nawaza kwamba ulinisaidia, na kuna siku nawaza kwamba miaka yote ya shule, viboko vyote vya mwandiko mbaya, nilikuwa napigwa kwa kosa la mkono uliokuwa unalazimishwa. Nikiwaza la kwanza naona ni kweli. Nikiwaza la pili naona nalo ni kweli.

Nikamwuliza Bi Mwajuma. Akakunja uso. "Kushoto ni kwa maji ya chooni. Usije ukaniandikia barua kwa mkono huo." Nami nilikuwa nimeshaiandika, ile aliyoisifia asubuhi hiyohiyo, akasema sasa nimekuwa karani. Nikaona nisimdanganye mtu mzima, nikamwambia. Aligeuza vitumbua vyake vyote, kisha akasema, "Basi anwani juu ya bahasha andika kwa kulia." Nikaandika hivyo. Niambie mama, hilo ni jibu gani? Amekubali au amekataa?

Ningeweza kukaa na mkanganyiko wangu mwenyewe. Si peke yangu ninayechanganyikiwa hapa, na mimi nimeshazoea. Lakini katika barua yako uliandika pia kwamba Kabula afungwe mkono kabla hajaanza shule, kama ulivyonifunga mimi. Baba Kabula nilimsomea maneno hayo mimi mwenyewe, kabla sijaipata kalamu hii. Sasa shule inafunguliwa mwezi wa kwanza, na ameshachana shati lake la zamani kupata kamba. Si mtu mkali, unamjua. Nilipomwambia aache, alisema hivi:

"Mama yako ndiye anayejua mambo hayo. Alikufunga, na umekuwa mke wa mtu. Kasema afungwe. Akisema asifungwe, mimi sina neno."

"Na mimi mama yake je?"

"Wewe unamwonea huruma. Huruma haifundishi mtoto."

Nimemwambia hapana, na nitaendelea kusema hapana kila atakapomshika mtoto. Lakini kwake hapana yangu ni ya mtu anayebembeleza, na yako ni ya mzazi. Kabula ameanza kuficha mkono nyuma baba yake akiingia. Hilo ndilo siwezi kulitazama, mama. Sijui kama mkono wa kushoto ni mbaya au si mbaya, sina elimu hiyo. Ninachojua ni kwamba hataficha mkono wake ndani ya nyumba yangu.

Nisalimie baba mdogo na wote walio kwake. Shangazi mwambie kitenge chake bado nakivaa, kimebaki rangi kidogo tu. Wifi yangu mpe hongera ya kujifungua, na bibi mzaa baba mwamkie kwa ajili yangu, umpigie kelele sikioni asikie ni nani anayemwamkia. Balozi naye msalimie, ila barua hii usimpe.

Baba mdogo akipata lori la kuja huku, ninahitaji vitu hivi. Chupa ya wino wa bluu kutoka Shinyanga mjini, kifuniko kizibwe kwa nta ya nyuki, maana huu nilio nao nimeshauongeza maji na unaona unavyopauka hapa mwishoni. Michembe ya viazi vibichi vilivyokaushwa, siyo matobolwa ya kuchemshwa, matobolwa mara iliyopita yalifika na ukungu. Samli kidogo ya kumpaka Masanja kwenye nywele. Kitambaa cha sare ya Kabula, kata kwa urefu wako wa kiuno mpaka goti, atakua. Na karatasi moja uliyoiandika wewe mwenyewe, usiandike jina langu, mwandikie Baba Kabula, kwamba mkono wa mtoto uachwe. Hata mstari mmoja unatosha. Herufi zikiwa mbaya nitamsomea mimi.

Mimi mwanao,
Milembe, Mama Kabula.