Siku Mwalimu Alipohesabu Watu wa Kijiji

Scarborough, 6 Machi 2011. Asubuhi theluji nyepesi.

Mjukuu wangu Nasrin, hatujambo. Babu yako amepona kikohozi.

Umeuliza kijiji chetu cha Gujarat, India, kilikuwa na watu wa namna gani. Wakulima, wafinyanzi, wafumaji wachache. Idadi yao siijui, ingawa nilikuwepo walipohesabiwa. Nilikuwa msichana, nimetoka Tanga kumtembelea shangazi. Mwalimu wa shule, aliyetumwa na serikali kuhesabu watu, alipokuja na daftari, shangazi alimtaja kwanza baba yangu.

“Mama, kaka yako yuko Afrika miaka ishirini. Naandika waliolala hapa jana.”

“Basi mfute wewe. Mimi siwezi.”

Mwalimu akanitazama. “Na huyu?”

“Binti yake.”

“Amelala hapa?”

“Amelala.”

Akaandika bila kuniuliza jina. Shangazi akaenda kumchemshia chai.

Ijumaa nilirudi Tanga. Mpaka leo najiuliza alihesabiwa nani, mimi au baba.

Nakwenda kulala, saa nne kasoro robo.

Bibi yako