Uchanga wa Dada Yako Mkubwa

Mama yangu,

Assalaam alaykum, wewe na majirani zako wa huko. Dua nakuombea kila baada ya sala, kwa hilo usiwe na wasiwasi. Haya ya leo si dua. Ni habari za dada yako, Maimuna.

Siku ya tatu ya matanga, ukumbi umejaa wanawake, jirani mmoja akamuuliza siri ya uso wake mwororo. Unajua hapa Malindi sisi ni wa kuja, hakuna ajuaye nani kati yenu alitangulia kuzaliwa. Na sisi wanao alitukataza tangu utotoni kumwita Mama Mkubwa. Ilikuwa Mama Mdogo tu, nawe ukasema, "Mwacheni, jina halinipunguzii kitu." Basi akamjibu yule jirani: "Mimi roho yangu nyeupe. Kinyongo ndicho kimkunjacho mtu uso. Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa nacho."

Wewe, Mama! Hata udongo wa kaburi lako ulikuwa haujakauka!

Nakubali, wako waliojaaliwa uchanga na Mwenyezi Mungu. Babu kule Ngomeni alizikwa na meno yake yote, licha ya jua lote lile la baharini. Hiyo ni damu. Lakini uchanga wa Maimuna una mwenyewe. Tangu alipoachwa na mumewe akaja kukaa kwako hakugusa jiko, ati moshi unamtoa machozi. Wewe ukikaanga mahamri tangu alfajiri, ukitembea juani kuwauzia wafanyakazi wa hoteli, ukirudi unamfulia. Yeye ndani, liwa usoni, piko nyweleni kuficha mvi. Miaka yake uliibeba wewe, juu ya yako.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita walikuja wanawake wa Mambrui kumposa Maimuna kwa ajili ya ndugu yao aliyefiwa na mke. Mkubwa wao, Bi Rukia, alikuja na bakora yake. Maimuna akainama kama mwari: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu marehemu, mlikuwa ndugu?"

Akajifuta jicho kavu. "Dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenilea."

Mimi naingia na sinia la halua na kahawa. Nikaliweka chini, nikapiga magoti, nikambusu Maimuna mkono. "Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Mama Mdogo," akanisahihisha, anacheka.

"La, Mama Mkubwa. Si wewe uliyembeba mama yangu mgongoni, hajaota hata jino?"

Bi Rukia akamtazama Maimuna kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, kisha akacheka mpaka bakora ikamponyoka. "Ehee! Basi shikamoo yako nakurudishia, mwenzangu. Huenda ni mimi niliyepaswa kuitoa!"

Tangu siku hiyo Mambrui hawajaleta neno. Maimuna akanijia mlangoni analia, safari hii machozi ya kweli. "Niite Mama Mdogo, mwanangu, japo mbele za watu." Nikamwambia, nenda kwa wanawake wale wa matanga, useme marehemu hakuwa na kinyongo, nami nitakuita hata binti ukitaka. Mpaka leo hajaenda.

Shehe ananiambia kusamehe ni bora. Najua, Mama. Nasoma, nalia, nafunga msahafu, na moyo uko palepale. Kinyongo hukuwa nacho wewe. Ninacho mimi, na uso wangu na ukunjamane.

Ijumaa tunakusomea khitma. Nimewaalika wanawake wote wa siku ile, mmoja mmoja, na Bi Rukia nimempelekea salamu aje. Amejibu kuwa hata akiumwa atakuja. Nakuahidi, Maimuna atalisafisha jina lako kwa mdomo wake mwenyewe, au nitalisafisha mimi, naye ameketi papo hapo wanamtazama.

Pumzika, Mama. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako na alitie nuru.

Mwanao,
Zuhura