Nywele za Fabricio

El Alto, 2 Juni 1996

Mwanangu Lidia,

Hujambo mama? Mkwe wangu Horacio hajambo? Na mwanamume wangu mdogo, Fabricio, anakula? Mimi mzima, goti tu linanisumbua ninapopanda ghorofa ya tatu. Ndiyo, ya tatu. Imekwisha. Madirisha ya kijani na ya rangi ya chungwa, mtaa mzima hakuna nyumba kama hii. Jirani Domitila akipita anatazama chini kama aliyedondosha sindano.

Umeuliza mkihamia huku mje na nini. Nisikilize mimi, nimewapokea wengi. Vyeti vyote vipigwe mhuri kwenye ubalozi wetu huko Buenos Aires kabla hamjaondoka: cha ndoa, cha kuzaliwa cha mtoto, cha polisi cha Horacio. Bila mhuri atapanga foleni hapa mpaka ndevu ziote mvi. Picha ndogo ziwe na nyuma nyekundu, nyingine hawapokei. Cherehani yako njoo nayo. Mablanketi acha, ninayo ya sufu. Nyumba za huku hazina moto wa kuota, tunalala na manne manne. Siku ya kwanza huku juu milimani, mtu wa kutoka chini hakimbii na hali nyama. Anakunywa chai ya koka, majani yetu ya kuzoea mlima, analala.

Na nywele za Fabricio msiziguse. Keshatimiza miaka mitatu, zitakatwa kwa mara ya kwanza hapa mbele ya watu, kama zako zilivyokatwa. Nimempata wa kukata shungi la kwanza: Don Severo, mwenyekiti wa wauza nyama, si mtu mdogo. Jumamosi, tarehe 10 Agosti. Bendi ya tarumbeta nimeshaiagiza.

Mama yako,
Eusebia


Quilmes, 30 Juni 1996

Shikamoo Mama,

Sisi wazima. Pole na goti, na hongera ya ghorofa. Horacio anakusalimu, anajifunza majina ya viazi vyenu na ameshachanganyikiwa. Vyeti vimepigwa mhuri vyote.

Lakini Mama, daktari amemsikiliza Fabricio kifua. Lile tundu la moyoni halijaziba. Amesema kumpandisha mita elfu nne kwa siku moja, hapana. Ndege inatua Santa Cruz kwanza. Tushuke pale, twende kwa basi hadi Cochabamba, nusu ya mlima, tukae wiki mbili kwa shangazi Irma. Akizoea, tupande. Akishindwa, tubaki chini. Kwa hiyo hatutafika kabla ya tarehe 25 Agosti. Naomba usogeze sherehe. Siku hizi akilia sana midomo yake inageuka buluu.

Binti yako,
Lidia


El Alto, 14 Julai 1996

Mwanangu Lidia,

Natumaini mu wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikaa kitako.

Watu mia mbili nimeshawaalika. Don Severo keshashona suti. Juzi Domitila kaja mpaka kwenye meza yangu sokoni, wateja wamenizunguka, akasema, "Eusebia, hao watoto wako wa Buenos Aires hawaji. Siku hiyo tutamnyoa mbwa wako." Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini niliyabeba maneno yale mpaka nyumbani.

Huyo daktari amewahi kufika huku? Mimi nilikubeba wewe tumboni nikipanda mlima na gunia la viazi mgongoni, ukazaliwa unalia hadi mtaa wa pili wakasikia. Damu ya Fabricio ni ya huku. Chai ya koka, kitunguu saumu cha kupaka kifuani, basi. Msishuke Santa Cruz. Kaeni kwenye viti vyenu. Ijumaa, tarehe 9 Agosti, nitakuwa uwanja wa ndege na shali jekundu, mtaniona kabla sijawaona.

Usiniaibishe, mwanangu. Mara hii tu.

Mama yako,
Eusebia


Quilmes, 20 Oktoba 1996

Mama,

Shikamoo. Horacio hajui kwamba naandika. Hakusemi vibaya.

Fabricio tumemzika hapa, karibu na babu yake mzaa baba. Walitaka kumvika kofia, nikakataa, nikamchana nywele mwenyewe.

Nilikuambia mapema asubuhi ile ya sherehe kwamba midomo yake imebadilika. Ukasema ni baridi, ukamwongezea shali. Mimi nikakusikiliza. Na kule Santa Cruz, ndege ilipotua, nilikuwa nimeshafungua mkanda wa kiti. Nikaufunga tena. Hilo ni langu, sikutwishi wewe.

Don Severo alikata shungi moja tu, mtoto akalegea mikononi mwangu, na bendi bado inapiga. Tulipofika hospitali alikuwa ameshaondoka. Sijui lile shungi lilianguka wapi. Kama unalo, nitumie.

Hatutahamia huko.

Lidia


El Alto, 3 Novemba 1996

Mwanangu Lidia,

Safari hii sikuulizi kama hujambo.

Shungi ninalo. Niliokota sahani lilimoangukia watu walipokimbia nje, nikalifunga kwenye leso, nimekuwa nikililalia. Ningekwambia mapema, sikuweza. Nimelitia humu ndani pamoja na utepe wake. Nilitaka kujibakizia nywele mbili tatu. Nikazitoa, nikazirudisha. Ziko zote.

Jana ilikuwa siku ya marehemu, nikamwandalia meza yake. Mkate wa umbo la mtoto, maziwa, yale maandazi aliyoyapenda Ijumaa ile. Domitila alikuja na mkate wake, akakaa. Baadaye akasema, "Dada, lile neno la mbwa nilikuwa natania." Nikamwambia najua. Tukanywa chai. Ghorofa ya tatu nimeifunga, sipandi tena.

Jambo moja nikwambie, na hili ulifuate. Daktari wa hapa amenisikiliza kifua mimi pia, hakupenda alichosikia. Nikifa, kaka yako Wilfredo atakupigia simu. Kama moyo wako utakuruhusu kuja, usije kwa haraka. Umekaa chini miaka mingi, kifua chako si cha huku tena. Shuka Santa Cruz. Nenda Cochabamba, kaa kwa Irma wiki mbili kamili, ndipo upande.

Nimemwambia Wilfredo wasinizike mpaka ufike. Huku ni baridi, mama. Nitangoja.

Mama yako,
Eusebia