Ngamia Wawili wa Mzee Wu

Jumatatu, 5 Mei
Vumbi la mawe tangu asubuhi. Karakana haina mlango unaofunga, baridi yote ya Jeppestown, hapa Johannesburg, ni yetu. Mzee Wu, mwenye duka kule Kensington, anataka kaburi la mkewe lifanane na makaburi ya wafalme wa kale wa Uchina. Kaniachia picha. Barabara pana ya kwenda makaburini, wanyama wa mawe kila upande, tembo mrefu kama dari ya nyumba. Yeye anataka ngamia wawili tu, kimo cha goti. Kwetu Tanga kaburi ni udongo na mishahidi miwili, kibao kichwani na kibao miguuni. Basi.

Dada Mwanahawa kapiga simu tena. Mama hageuki kitandani bila kugeuzwa. Miezi minane sasa, yuko naye peke yake. Nimemwambia nakuja nikimaliza kazi hii. Januari nilimwambia hivyo hivyo.

Alhamisi, 8 Mei
Ngamia wa kwanza tayari, kapiga magoti. Pichani mwenzake kasimama. Miguu minne myembamba, na mgongo wangu huu. Naye nampigisha magoti. Nani atajua?

Jumanne, 13 Mei
Amejua. Mzee Wu kawazunguka mara mbili. Kisha akaeleza, kwa Kiingereza chake cha dukani, kwamba kule kwa wafalme mmoja hupumzika, mwenzake husimama, wanapokezana zamu. Ndiyo maana wakawa wawili. Sasa nani amesimama na mke wake? Hakugomba. Afadhali angegomba.

Papa Kabeya, bosi wangu Mkongo, akaangua kicheko. "Eish, Omari! Bote bamelala, kama masekiriti ya Hillbrow!" Walinzi wa usiku, anamaanisha.

Nimeona aibu mpaka masikioni. Mwanahawa kasimama miezi minane. Mimi huku natuma pole kwa simu.

Jumatano, 21 Mei
Jiwe jipya. Ngamia kasimama. Nimeacha jiwe kidogo katikati ya miguu isivunjike. Vidole vimevimba, hata kijiko sikishiki vizuri. Mzee Wu kampapasa ngamia shingo, akaitikia kwa kichwa.

Papa Kabeya anasema kuna makaburi mengine matatu yanangoja. Nimemwambia naondoka. Sikuomba ruhusa.

Ijumaa, 23 Mei
Basi la kwenda nyumbani ni kesho asubuhi. Begi moja. Nimempigia Mwanahawa kumwuliza nimletee nini kutoka Joburg, blanketi au viatu.  Akasema nisilete kitu. Anataka kulala.