Barua Mbili Juu ya Alphonse

Jumatatu, 5 Machi 1951

Wasichana arobaini na mmoja, hakuna aliyekosa. Mvua tangu alfajiri. Matope hadi mlangoni. Chaki imekwisha tena.

Leo nimekifunga kitabu cha historia. Ukurasa wa kwanza unasema nchi hii ilikuwa imelala mpaka Mzungu alipofika akagundua shaba. Nimewaambia wasichana kwamba kule Kambove watu weusi walichimba shaba kabla ya Mzungu yeyote. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta, wakamimina misalaba ya shaba. Sikuwa na kitabu cha kuwaonyesha. Nilikuwa na Mama Ngoie, muuza makaa wa nyuma ya soko, ambaye baba yake alikuwa fundi wa tanuru. Alikuja viatu mkononi kwa sababu ya matope. Akawaimbia wimbo wa wavukutaji, darasa zima likapiga miguu chini.

Alphonse, moniteur mkuu, yaani mwalimu mkuu wa shule yetu, alisimama dirishani akisikiliza. Akatabasamu. Nikatabasamu pia. Mjinga mimi.

Alhamisi, 8 Machi

Mkaguzi wa shule amekuja. Kofia hakuvua. Alinipita kama anayepita kabati, akaenda moja kwa moja kwa Félicité, akamwuliza kwa Kifaransa nani aligundua shaba ya Katanga.

Félicité ana miaka kumi na miwili. Alisimama wima, mikono nyuma, kama nilivyomfundisha. Kifaransa kikamkimbia.

"Ni bankambo betu, Bwana. Bazungu balikuta bantu banaisha kuchimba mukuba."

Bankambo, yaani mababu; mukuba, yaani shaba. Alphonse akatafsiri, ingawa mkaguzi anajua Kiswahili. Félicité akaulizwa nani kamfundisha hayo. Kimya. Akaulizwa tena. Kimya. Hakunitupia jicho hata mara moja. Basi akaambiwa akusanye vitu vyake, asirudi. Wameandika: kiburi.

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Sikusema neno. Kibali changu cha kukaa nchini kinakwisha mwezi wa sita, na hicho ndicho nilichokifikiria. Mtoto alinificha. Mimi nikajificha nyuma ya mtoto.

Ijumaa, 9 Machi

Nimejua. Ni Alphonse aliyemwandikia mkaguzi. Amekuja mwenyewe kuniambia, tena kwa upole, kama daktari.

"Chère collègue, mwenzangu, ilinibidi. Miye niko na demande yangu ya karte. Lakini jina yako sikuandika. Niliandika tu darasa na mambo yenye banasemaka mule. Weye uko mugeni huku, ukumbuke."

Anataka nimshukuru.

Demande ni ombi, na karte ni ile kadi ya sifa ambayo serikali humpa Mweusi aliyeonekana ameendelea. Anaisubiri mwaka wa pili sasa. Amenunua mapazia. Anakula kwa uma. Kwa kadi hiyo amemuuza mtoto wa watu.

Mgeni. Ndiyo, nimezaliwa Karema, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, nikaja na marehemu mume wangu alipopata kazi ya reli. Lakini bibi yangu alizaliwa upande huu wa ziwa. Alipita milima ya Marungu na mnyororo shingoni, mtoto mdogo kuliko Félicité, akavushwa kwenda kuuzwa. Mapadri walimkomboa. Hayo hayamo katika kitabu chochote. Mgeni ni nani?

Nataka aumie. Sitaki kusali juu yake. Nataka aumie.

Jumapili, 11 Machi

Kwaresima. Padri amehubiri msamaha. Nilihesabu vioo vya dirisha.

Baada ya misa nimekwenda kwa mama yake Félicité. Alinipa kiti. Akanigeuzia mgongo, akaendelea kumenya mihogo. Matusi yangekuwa nafuu. Félicité alinipeleka mpaka njiani.

"Sikukutaja, Mwalimu," akasema.

"Najua."

Nikatembea upesi asinione uso.

Jumanne, 13 Machi

Mungu ameniletea, au si Mungu.

Nilikuwa nikinunua makaa. Mama Ngoie akasema, bila kuulizwa, kwamba moniteur wetu ana nyumba ya pili hapa mjini, mtaa wa Kenya. Yeye hupeleka makaa huko.

"Ni mwanamuke, Régine jina yake. Mutoto iko na miezi mbili. Baba anaingiaka pale kila siku ya tano, na kofia chini kabisa, eti tusimujue!"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Wale wa tume ya kadi, kitu cha kwanza wanachouliza ni idadi ya wake.

Nimefika nyumbani, sikuvua hata kitambaa. Nimeiandikia tume kwa mkono wa kushoto, Kifaransa safi, mistari tisa. Jina la mtaa. Jina la mwanamke. Siku ya tano, yaani Ijumaa. Sahihi hakuna. Mistari tisa nimeiandika mara nne hadi ikanipendeza. Kisha nimekwenda posta kwa miguu, mwenyewe, nikaisikia ikianguka ndani ya sanduku.

Nimefurahi. Niseme wazi: sijafurahi hivi tangu mume wangu afe.

Jumamosi, 24 Machi

Kesho Pasaka. Nilipanga foleni ya kuungama. Walipobaki watu wawili mbele yangu nikatoka. Siwezi kujutia kitu ninachokisubiri.

Alhamisi, 29 Machi

Tume imekwenda kwa Alphonse jana. Mtaa mzima unasimulia. Walifungua kabati, wakashika mapazia, wakauliza kama watoto wanalala kitandani. Mke wake aliwapa kahawa katika vikombe vya kuazima. Walipokuwa wanaaga, mmoja akatoa karatasi mfukoni, akauliza: na Régine wa mtaa wa Kenya ni nani?

Wanasema Alphonse aliapa kwa Mama Bikira hamjui mwanamke huyo.

Kadi hapati. Na umoniteur mkuu amevuliwa. Anapelekwa kwenye shule ya kijijini, huko mbele ya Kinsevere, chumba kimoja, paa la nyasi.

Tamu. Tamu kama muwa.

Jumatatu, 2 Aprili

Nimemwona akipakia vitu kwenye lori. Mke wake alikaa juu ya magodoro, uso kaufunika kwa kitenge. Alphonse amekonda. Akaniamkia kwa heshima, "Bonjour, Madame Dorothée," akaulizia afya yangu. Hajui. Nilitaka ajue. Nusura niseme.

Kisha nimekwenda ofisini kuomba Félicité arudishwe, maadamu aliyemchongea ameondoka. Nimejibiwa orodha imefungwa. Mkaguzi ndiye aliyeandika, na mkaguzi yuko palepale na kofia yake.

Nilimpiga niliyemfikia.

Jumapili, 15 Aprili

Nimefika kutoka misani nikamkuta mwanamke mlangoni, mtoto mgongoni. Kijana sana. Miguu ina vumbi la safari. Watu wengi huja kwangu kuandikiwa barua, sikushangaa.

"Mama Mwalimu, banasema weye unajuaka kuandika muzuri. Uniandikie barua ya baba ya mutoto. Balimutuma mbali, ku Kinsevere."

Nikajua kabla hajajitaja.

Hakutaka pesa. Hakutaka hata Alphonse arudi. Alitaka jambo moja: baba ampe mtoto jina. Kwao baba asipotoa jina, mtoto hana ukoo, na akiugua hakuna anayejua wazee gani wamwombee. Mtoto ana miezi mitatu na anaitwa "huyu".

"Bantu banasema kuko mwenye alituandikia mubaya," akasema. "Sijue nilimukosea nini. Simujue hata."

Nikamwambia akae. Nikachemsha chai ili mikono ipate kazi. Mtoto alikuwa akinitazama, macho ya Alphonse kabisa.

Nimeandika kwa mkono wa kulia. Ukurasa mzima. Sijawahi kuandika barua nzuri kama hiyo maishani mwangu. Nimemwomba Alphonse kwa maneno ambayo Régine asingeyapata, na ambayo mimi sistahili kuyatumia. Régine akaweka alama ya msalaba chini yake. Akauliza kama yeye pia anaweza kufundishwa, akiwa mkubwa hivi.

Nilisema ndiyo. Ningesema nini?

Alphonse simwonei huruma hata leo. Huyu namwonea. Sikujua kwamba ile barua ya kwanza ilikuwa na watu wawili zaidi ndani yake. Uongo. Nilijua. Niliandika jina lake mimi mwenyewe.

Jumamosi, 28 Aprili

Kibali changu kimepigwa mhuri. Mwaka mmoja. Karani alinisifu kwa mwenendo mwema.

Jumapili, 6 Mei

Baridi imeanza. Asubuhi ukungu mpaka saa tatu.

Mama Ngoie ametupa uwanja wake wa makaa kila Jumapili baada ya misa. Wanawake tisa leo, na Félicité. Mama yake alimleta mwenyewe. Hakunisalimu, lakini alikaa. Mama Ngoie anasimulia habari za baba yake, sisi tunaandika, na anayeweza kuandika anamwandikia asiyeweza. Félicité anaandika kwa Kifaransa na Kiswahili. Herufi zake nzuri kuliko zangu. Mkaguzi hajui uwanja huu. Siku moja atasoma kilichomo katika madaftari yale, na nataka niwe hai niuone uso wake.

Alphonse amejibu. Mistari miwili. Mtoto anaitwa Kabwe, jina la babu yake, baba yake Alphonse. Nilimsomea Régine mara tatu, akaichukua barua akaitia kifuani.

Daftari hili nalificha chini ya unga. Sijalichoma. Kila Jumapili nasema nitamwambia Régine nani aliandika ile barua ya kwanza, na kila Jumapili namfundisha herufi nyingine.

Leo amesoma peke yake jina la mtaa wake kwenye kipande cha gazeti, kidole kikifuata. Anajifunza upesi.