Shahidi wa tatu wa mteremko

Gudrun, acha unachofanya usome.

Torbjørn amefukiwa na theluji mlimani. Torbjørn, mume wa Ragnhild! Wamemtoa, lakini alikuwa ameshakata roho.

Unaijua tovuti ya mjukuu wangu Eirik, ile ambayo watu wa skii, wanaoteleza kwenye theluji, wanapeana habari za hali yake. Sheria waliipigia kura wenyewe: onyo la mgeni halionekani mpaka wenyeji watatu walithibitishe, na huthibitishi usichokiona kwa macho yako.

Asubuhi binti mmoja mgeni aliandika kwamba theluji ya mteremko wa juu ya kanisa imepasuka, yaweza kuporomoka wakati wowote. Wenyeji wawili waliopita huko wakathibitisha. Akabaki mmoja.

Eirik akampigia Torbjørn. "Mzee wangu, thibitisha tu, watu wasiende huko."

Torbjørn akacheka. "We kijana, unanifundisha uongo kwenye tovuti yako mwenyewe? Ngoja nimalize kahawa, nipande nikaone."

Akapanda akaone, Gudrun! Akapanda ili wengine wasipande!

Na Eirik angeweza kulifungua lile onyo mwenyewe, kwa kidole kimoja. Hakulifungua. Eti sheria ni sheria. Sasa yuko hapa jikoni, hata kofia hajavua.

Ragnhild ameingia sasa hivi, buti zimejaa theluji, chozi hana. Nilidhani atamzaba kofi. Akavuta kiti, akamwambia, "Mwanangu, nimetoka kuuona ule mteremko. Andika jina langu. Wa tatu ni mimi."

Eirik anaandika. Anafuta, anaanza upya, jina halikamiliki.