Upande wa Kushoto wa Kichwa cha Babu

Nyumbani, nyuma ya soko,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Na kifua chako je, baridi imekiachia? Sisi tunakula na tunalala, ila siwezi kuandika "hatujambo" kama tulivyofundishwa shuleni, maana ningekudanganya.

Baba alikuambia kwenye simu kwamba Babu anaumwa kichwa tu. Hakutaka ulie ukiwa mbali nasi, ugenini. Leo ameniruhusu nikueleze yote, kwa sababu yeye kila akishika simu huishia kukuuliza habari za baridi.

Unaukumbuka mlango wa chuma wa saluni ya Babu, ule wa kusukuma juu? Mwezi wa nne ulimgonga utosini alipokuwa akiufungua. Alijipangusa, akasema kichwa cha kinyozi ni kigumu kuliko chuma, akaendelea na kazi. Sote tukasahau.

Kisha akaanza kuacha nywele upande wa kushoto wa vichwa vya wateja. Muuza viatu wa jirani alijitazama kwenye kioo akacheka: "Mzee, siku hizi unanyoa kwa mkopo? Nusu leo, nusu mwisho wa mwezi?" Tukacheka naye. Hata kikombe kilipomponyoka mkono wa kushoto, Bibi alisema ni uzee, na uzee hauna dawa.

Unajua kwamba kila Jumamosi mimi ndiye ninayemnyoa. Wiki iliyopita nilitaka kumchokoza. Nikanyoa upande wa kulia pekee, nikazima mashine, nikamwambia, "Tayari, mteja." Nilingoja aniambie, kama kawaida yake, kwamba hata mbuzi hula majani kwa mpangilio kuliko ninavyonyoa mimi. Alijitazama kwenye kioo kwa makini, akasema, "Safi, Kipilipili. Sasa umekuwa fundi."

Hakuwa anatania, Shangazi. Nusu ya kichwa chake ilikuwa na nywele nyeupe pe, na hakuziona. Nilimalizia kumnyoa harakaharaka, kisha nikakimbia kumwita Baba.

Hospitalini walimpiga picha ya kichwa. Daktari, mama mpole asiye na maneno mengi, alituonyesha damu iliyovilia kati ya fuvu na ubongo, upande wa kulia. Ndiyo maana kushoto kwake kulipotea. Alisema kwa wazee mishipa ya huko huwa dhaifu, na kichwa kikigongwa hata kidogo, damu inaweza kuvuja polepole kwa wiki nyingi bila mtu kujua. Bibi akauliza kama watampasua kichwa.

"Hapana, mama. Natoboa tundu dogo kama kifungo cha shati, naingiza mpira mwembamba, damu inatoka taratibu."

Lakini hakutuficha kwamba mtu wa umri wa Babu anaweza asirudi kama alivyokuwa, na kwamba tukingoja tutampoteza.

Nilidhani maneno "tundu dogo" yangenitoa hofu. Wapi. Jana walipomsukuma kwenye kitanda chenye magurudumu, Babu aliniangalia kwa adabu, kama mteja asiyemjua. Bibi alibaki na kofia ya Babu mkononi, anaikunja na kuikunjua. Mimi niliomba, nikarudia maneno yale yale hadi nikawa siyasikii tena.

Bado hatujavuka. Mpira ungali kichwani, unatoa damu nyeusi kama oili chafu, na nimeshindwa kuutazama. Daktari anasema damu ya namna hii hupenda kurudi. Kwa hiyo Jumatano atapitisha mpira mwingine, mwembamba kama uzi, kwenye mshipa wa mkono hadi kichwani, azibe kijishipa kinachoilisha. Nikifumba macho nauona uzi huo ukipanda, na usingizi unakimbia.

Tafadhali usifunge safari kwanza. Baba atakupigia Jumatano, na safari hii atakuambia ukweli, nitasimama karibu yake. Bibi anakusalimu sana. Nawe wasalimie mapacha na baba yao.

Jambo moja nimeliweka mwisho makusudi, ulishike. Leo asubuhi nilipoinuka kumuaga Babu, aliunyanyua mkono wake, ule wa kushoto, polepole sana, akajipapasa nyuma ya sikio la kushoto.

"Nani kaninyoa?" akauliza.

"Mimi, Babu."

"Umeacha nywele huku. Hata mbuzi hula majani kwa mpangilio."

Bibi alitoka nje kulia. Mimi nimemwambia Babu nitamalizia Jumamosi, naye akasema atangoja. Mashine nimeichomeka kwenye chaji, ingawa naogopa hata kuigusa.

Mungu atuvushe Jumatano, akulinde nawe huko uliko.

Binti wa kaka yako, akupendaye kwa moyo wote,
Kipilipili